Muramura Nyuma ya Duka

Chonyonyo, Karagwe
12 Shaabani 1325 (Septemba 1907)

Kwa dada yangu Mwanahalima binti Athumani, Pangani.

Shikamoo dada. Aliyeshika kalamu ni mdogo wako Abdulatifu, mzima wa afya, tumbo limeongezeka kidogo kwa sababu ya ndizi, na meno yote yapo. Nakuombea nawe uwe mzima, na goti lako la kulia liwe limepunguza kelele. Nisalimie majirani wa mtaa wetu, na yule paka wako mwizi kama bado anaishi.

Huku mvua zimeanza na duka linakwenda. Watu wananunua kaniki na shanga, lakini chumvi ndiyo inayotoka zaidi. Mke wangu Zuena yuko Ndama kwa mama yake, aliyeteleza kisimani akavunjika mkono, kwa hiyo mwezi huu najipikia mwenyewe. Usicheke. Nimejifunza kupika ndizi za hapa, na za jana hazikuungua sana.

Sasa nikupe habari ya furaha yangu. Nyuma ya duka kuna uwanja mtupu ambao mbuzi wa kila mtu hupita kama ni barabara yao. Nimeupandia ua. Kuna mti mdogo huku, wenyewe wanauita muramura. Una majani marefu yaliyoinama, na hayapukutiki hata kiangazi kikali, mwaka mzima ni kijani tu. Maua yake meupe hufunguka jua likizama. Niliposikia harufu yake mara ya kwanza nilisimama njiani na mzigo wangu begani, nikamkumbuka mama na asumini yake. Tangu siku hiyo niliupenda.

Kuupanda ni rahisi mno. Unakata shina lenye unene wa mpini wa jembe, unaliweka kivulini mpaka kidonda kikauke, unaondoa majani ya chini, kisha unalichomeka kwenye udongo wenye unyevu. Maji mengi unaoza, maji kidogo unavumilia. Mashina nimeyakata kwenye kichaka kikubwa karibu na kisima, na hakuna aliyenikataza. Nimenyoosha mstari kwa kamba kutoka pembe ya duka, nikauzungusha kidogo kwenye migomba ya pembeni ili ua uwe na umbo zuri. Jirani yangu Katabarwa alikuwa akipita na mzigo wa nyasi kichwani. Alisimama akanitazama nikichomeka. Nikampungia mkono, naye hakunipungia, nadhani kwa sababu ya mzigo.

Dada, ahadi yangu iko palepale. Masika yakiisha nitafunga duka nije nyumbani nikae. Endelea kukifungulia dirisha chumba changu cha juu kisije kikanuka. Hayo ndiyo niliyonayo, mengine nitayasema kwa mdomo tukikaa barazani.

Mdogo wako,
Abdulatifu


Pangani
10 Mfungo Mosi 1325 (Novemba 1907)

Kwa mdogo wangu Abdulatifu, aliyeko Chonyonyo.

Marahaba. Barua yako nimeipata siku ya tatu ya Idi, ikanifanya nicheke mbele ya wageni. Goti linapiga kelele kama kawaida yake. Paka amekufa, Mungu amsamehe samaki alizokula. Idi tumeila vizuri, Mwalimu Abdulghani wa msikitini kwetu ametoa hotuba fupi mwaka huu na kila mtu amemwombea maisha marefu.

Mvua ya mwezi uliopita ilipenya paa la upande wa baharini. Fundi Shaaban amelipanda akaliziba. Huyu ni yule mshona kofia ambaye mkewe alifariki mwaka wa ndui, nadhani unamkumbuka, alikuwa anakufukuza kwenye mlango wake mlipokuwa mkicheza kishada. Amezeeka vizuri. Siku hizi hushonea kwenye baraza yetu kwa sababu mwanga wa pale ni mzuri kwa macho yake. Aliposikia nakuandikia amekushonea kofia, nimeifunga pamoja na barua hii. Nilipomuuliza ameipimaje akasema kichwa chako lazima kiwe sawa na cha marehemu baba. Nilitaka kumpa chochote, akakataa.

Kuhusu ua wako, nakuuliza swali moja tu. Mtu anayefunga duka masika yakiisha anapanda ua wa nini? Mimi ni mwanamke wa nyumbani, sijui mambo ya bara, lakini nilipotaka kuhama nyumba ya marehemu mume wangu sikupaka chokaa kwanza.

Ukija, njoo kweli. Kuna jambo hapa linakungoja na haliwezi kufanyika bila wewe. Siwezi kuliandika, wala usiniulize kwa barua. Si ugonjwa na si ugomvi, kwa hiyo lala usingizi wako. Chumba chako nakifungulia dirisha.

Msalimie Zuena na mama yake. Mwambie mkono uliovunjika upakwe mafuta ya nazi, na kama nazi huko hazipo basi mwambie pole.

Nami nabaki kuwa dada yako,
Mwanahalima


Chonyonyo, Karagwe
2 Mfungo Tatu 1325 (Januari 1908)

Dada yangu mpendwa, shikamoo.

Kofia imefika na imenikaa kichwani bila kubana wala kucheza. Nimeivaa siku mbili mfululizo. Mpe Fundi Shaaban shukrani zangu nyingi, mwambie sina kinyongo cha kishada. Mkono wa mama mkwe umeunga, na Zuena amerudi, ila tumbo lake haliko sawa. Asubuhi hataki kuona chakula, mchana anavunja udongo wa kichuguu anautafuna kama bisi. Nimempa tangawizi, haikusaidia.

Dada, nimefanya kosa. Ua ule si ua.

Zuena alirudi kutoka Ndama mchana, akaingia kwa njia ya nyuma, akaona muramura wangu ukiwa umeshatoa majani mapya. Akatua kapu lake chini. Nikasubiri anisifu. Akaniuliza, nani alisimama na wewe ulipopanda? Nikamwambia hakuna, nilikuwa peke yangu na kamba. Akakaa chini pale pale.

Wewe unajua Zuena ni mtoto wa nchi hii. Baba yake alitoka pwani na misafara ya zamani lakini mama yake ni Mnyambo, na alilelewa huku. Akanieleza nilichopaswa kujua tangu mwaka wa kwanza. Hapa muramura ndio mpaka. Watu hawajengi ukuta wala hawachimbi mtaro. Majirani wawili wakikubaliana, hukutana mbele ya mashahidi, wakapanda muramura, na kuanzia hapo shamba la huyu linaishia pale na la huyu linaanzia pale, mpaka kwa wajukuu. Ndiyo sababu wanautaka mti usiokauka. Na mimi, kwa ajili ya umbo zuri, nimeizungushia ndani migomba ya pembeni, ambayo ni ya Bibi Kokugonza, mama yake Katabarwa. Bibi huyo ananipa ndizi mbivu kila wiki. Nimemnyang'anya migomba yake mchana kweupe huku nikimpungia mwanawe mkono.

Hapo sikungoja. Nilitoka mbio nikaanza kung'oa ili nionyeshe kuwa sikukusudia. Nimeng'oa shina moja, nikamwona Katabarwa amesimama katikati ya kibanja chake, yaani shamba lake la migomba. Nikamwinulia lile shina, nikitaka kusema naomba radhi. Akageuka akaondoka karibu kukimbia. Zuena alikuwa nyuma yangu akinivuta kanzu. Dada, kumbe kung'oa muramura ni kubaya kuliko kuupanda ovyo. Anayeng'oa mpaka ni mtu ambaye hata akilima karibu yako huwezi kulala. Mimi nilidhani naomba msamaha, wao waliona nimeongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Sasa hawatusalimii. Bibi Kokugonza haleti ndizi. Wateja wananunua chumvi wakitazama pembeni. Nilikwenda kwa Katabarwa kwa miguu yangu, mkewe akatoka akasema kwa adabu kwamba mwenyewe hayupo, nami nilimsikia akikohoa ndani. Shauri liko kwa mkungu, ndiye mkuu wetu hapa chini ya Mkama, mfalme wa Karagwe. Mkungu amesema atatukalisha baada ya kuvuna maharage, na swali lake kwangu amelitanguliza ili nilifikirie. Ataniuliza kama mimi ni mgeni au mtu wa hapa.

Nikisema mgeni, mambo ni mepesi. Mgeni hana mpaka, kwa hiyo alichopanda ni vijiti tu, mkungu atavitoa mwenyewe na hakuna kosa. Nitaendelea kuuza chumvi mpaka nifunge mizigo. Nikisema mtu wa hapa, basi nimeiba ardhi ya jirani na nimeng'oa mpaka, nami nitahukumiwa kama mtu mzima wa hapa.

Unaona jibu gani ni rahisi. Tena ndilo linalolingana na ahadi niliyokupa. Nashangaa kwa nini silali vizuri. Ule muramura naumwagilia bado, maana mvua zimekatika na ni dhambi kuuacha ufe kwa makosa yangu.

Jambo linalonisubiri huko ni lipi? Sikuulizi. Nasema tu kwamba naliwaza.

Abdulatifu


Pangani
3 Mfungo Tano 1326 (Machi 1908)

Mdogo wangu Abdulatifu, marahaba.

Sisi wazima. Joto ni kali na visima vimepungua. Mtoto wa jirani yetu ametahiriwa, ngoma ilipigwa mpaka nikaomba goti liwe sikio na sikio liwe goti.

Naanza na lile ambalo wewe, mwanamume wa miaka mingi, hukuliona. Mwanamke anayekataa chakula asubuhi na kutafuna udongo mchana haumwi tumbo. Mwulize mkeo vizuri. Kama ameshakwambia na wewe ukanificha, basi nakwambia kuwa hujanificha. Na usimpe tangawizi nyingi.

Machozi yalinitoka kidogo niliposoma, usidhani ni ya huzuni. Nilikubeba mgongoni mama alipokuwa mgonjwa. Sikutegemea kuishi mpaka nione mgongo wako ukibeba mtu.

Kuhusu Katabarwa, umekosea na umekosea vibaya. Mtu amekuletea ndizi kila wiki, hujamwuliza mama huyo migomba yake inaishia wapi. Baba yetu alikuwa mtu wa kuuliza sana, wewe hukurithi hilo. Lakini sitakusemea jibu la mkungu. Usilipime jibu hilo kwa sababu yangu. Ukisema mgeni, sema kwa sababu ni mgeni. Usije ukawaambia watu wale uongo halafu ukaniletea mimi uongo huohuo kama zawadi.

Lile jambo lililokuwa linakungoja halina haraka tena. Limekaa muda mrefu, linaweza kukaa zaidi. Mwalimu Abdulghani anasema kwa umbali uliko wewe lingeweza kufanyika bila wewe na lisiwe na dosari. Mimi nimekataa. Sitaki lifanyike kama kwamba sina ndugu.

Fundi Shaaban amefurahi kuwa kofia imekukaa. Aliniuliza mara mbili umeandika nini hasa juu yake, nikamsomea yale maneno ya kishada. Alicheka, kisha akaharibu mshono akaanza upya. Anakusalimu.

Mpe Zuena pole na hongera, na umwambie anilishie vizuri huyo aliyemo ndani.

Dada yako,
Mwanahalima


Chonyonyo, Karagwe
6 Mfungo Saba 1326 (Mei 1908)

Dada Mwanahalima, shikamoo mara nyingi.

Ulisema kweli kuhusu udongo. Zuena alikuwa anajua, alingoja nigundue mwenyewe, akachoka kungoja. Sasa anatembea taratibu na kunituma kila kitu. Mama mkwe amehamia kwetu kabisa ili amtunze, mkono wake umepona kiasi cha kuninyooshea kidole.

Shauri limeisha. Nakuandikia yote kama yalivyokuwa.

Tulikaa uwanjani kwa mkungu. Wazee walipewa kahawa ya kutafuna, nami nikapewa, jambo lililonipa moyo. Katabarwa alieleza. Hakuongeza wala hakupunguza, alisema tu alichokiona, tangu ile kamba yangu mpaka lile shina nililoinua juu. Nikiri nilikuwa naonekana mwehu katika maelezo yale. Kisha mkungu akageuka kwangu akaniuliza lile swali.

Nilikuwa nimejiandaa kusema mgeni. Nilikuwa na maneno yake yote tayari. Kabla sijafungua mdomo, Bibi Kokugonza aliomba kusema. Ni mzee sana, alishikiliwa ndipo akasimama. Akasema, "Kama ni mgeni sina neno naye, tumsindikize. Kama ni jirani yangu, namtaka alete jembe."

Akakaa. Mimi nilimtazama mama yule aliyeibiwa migomba, ambaye alikuwa ananipa nafasi ya kuhukumiwa. Nikaona kwamba kama ningemjibu mgeni, angenisindikiza kwa heshima zote mpaka njia panda na asingenikumbuka tena. Nikawaza na huyo aliyemo ndani ya Zuena, atazaliwa kwenye nyumba ya mtu ambaye alisema mbele za watu kwamba anapita tu.

Nikasema, "Jembe ninalo nyumbani."

Basi nikahukumiwa. Nimetoa mbuzi, nimelima upande wa Katabarwa wiki nzima mgongo ukilia, na kwa kuwa mimi na pombe hatujuani, mama mkwe amewakamulia wazee maji ya ndizi mbivu yasiyochachuka, wakanywa wakinihurumia. Kisha tukapanda. Mashina yaliyokosewa hayakung'olewa na mimi, aliyang'oa Katabarwa kwa mkono wake, moja baada ya jingine, taratibu ili mizizi isikatike. Muramura unahamishika vizuri ukiuheshimu. Tulichimba mstari mpya aliousimamia Bibi Kokugonza kwa fimbo. Kila shina tulilishika wote wawili, mimi mkono wa juu na yeye wa chini, tukashindilia udongo kwa visigino vyetu. Tukaweka majani makavu ya migomba chini ili unyevu usitoroke. Migomba ya bibi imerudi upande wake, na yeye ameniachia njia ya kwenda kisimani ambayo sikuwa nayo zamani. Ua una umbo baya sana sasa, umepinda kama nyoka. Mbuzi wanapita kama kawaida.

Shina moja tu limekufa kati ya yote. Ni lile nililolikimbilia kuling'oa. Nililirudisha mahali pake na kulimwagilia kila siku, halikutaka.

Sasa nimefika penye ugumu. Unaelewa nilichokisema kwa mkungu maana yake ni nini. Siji kukaa, dada. Nitakuja kukuona, Mungu akipenda, mtoto akishaweza safari, lakini nitakuja kama mtu anayekuja na kurudi. Nilikuahidi miaka mingi, na kila mwaka nilisema masika yakiisha. Nadhani niliendelea kusema kwa sababu niliogopa ukae kwenye nyumba ile ukijua kuwa humngojei mtu. Nisamehe.

Na lipo jingine. Nilipomsomea Zuena barua yako ya pili, mahali pa kofia alinisimamisha. Akaniuliza huyo Fundi Shaaban amewahi kunishonea kofia kabla. Nikasema hajawahi, alikuwa ananifukuza. Akasema, "Mwanamume hashoni kofia ya mtu aliye mbali namna hii bila kutaka kitu. Na wewe huna kitu anachokitaka ila dada." Nikabisha. Nikaenda nikazisoma barua zako zote mbili upya, paa, baraza, mwanga mzuri kwa macho, yule Mwalimu anayesema jambo lingeweza kufanyika bila mimi. Nikaacha kubisha.

Wewe ndiye uliyenipangusa makamasi. Najua huwezi kuniomba, wala sitaki uniombe. Ndani ya barua hii kuna karatasi nyingine. Ndani yake mimi Abdulatifu bin Athumani, ndugu na walii wa Mwanahalima binti Athumani, namwakilisha Mwalimu Abdulghani amwozeshe kwa Fundi Shaaban, kwa ridhaa yake mwenyewe na kwa mahari atakayoitaka yeye. Wafanyabiashara wenzangu wawili wameshuhudia na kutia sahihi. Kama Zuena amekosea, ichome karatasi hiyo jikoni na tusiizungumzie tena, hata tukikutana.

Aliyeleta barua hii amebeba pia kijiti kimefungwa kwa magamba ya mgomba. Ni muramura. Kimekatwa kwenye mpaka wetu, na Katabarwa ndiye aliyekata. Nimepaka nta ncha zote mbili ili kisikauke njiani. Ncha yenye uzi mwekundu ndiyo ya juu, usije ukakipanda kichwa chini. Kwangua nta ya chini, kiweke kivulini, na usikionee huruma kwa maji. Ukidhani kimekufa, ngoja kidogo.

Mdogo wako asiyejua kuuliza,
Abdulatifu


Pangani
20 Shaabani 1326 (Septemba 1908)

Mdogo wangu, marahaba, na marahaba nyingine juu yake.

Sijapata habari ya mtoto. Nahesabu kwamba ameshafika na barua yake imelala Bukoba ikingoja meli, kwa hiyo nampa salamu bila kujua ni nani. Akiwa wa kiume, mtajua wenyewe. Akiwa wa kike, jina la mama yetu, Mwaja, halijachukuliwa na mtu yeyote. Usimwite Mwanahalima, mmoja anatosha kukusumbua.

Karatasi yako sikuichoma. Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikaiweka chini ya mto kwa muda kwa sababu ya aibu. Nilikuosha, nikakuvalisha, nikakupeleka chuoni ukilia, halafu leo nikutumie barua nikikwambia mdogo wangu niruhusu niolewe? Mkono ulikataa kila nilipojaribu. Nilikungoja uje uone mwenyewe barazani, useme kwa kejeli, nami nikasirike kidogo, mambo yaishe. Mwambie Zuena nampenda na simwogopi, ingawa ningemwogopa angekuwa jirani yangu.

Tuliozwa Ijumaa, baada ya sala, watu wachache. Mwalimu Abdulghani alipotaja jina lako na kusema anasimama kwa niaba ya ndugu wa bibi harusi, Abdulatifu bin Athumani wa Karagwe, sauti yake ilipanda makusudi ili waliokaa nje wasikie. Hicho ndicho nilichokitaka, wala sikutaka zaidi. Bwana harusi alivaa kofia aliyoishona mwenyewe na ilikuwa imempinda. Kwa vichwa vya wengine ni fundi.

Sasa nami nikwambie nililokuwa silisemi. Chumba chako cha juu hakina nafasi. Kimejaa kofia. Vitambaa, nyuzi, vibao vya kupimia, vyote vimehamia humo tangu kabla ya ile Idi, na dirisha lilikuwa wazi kweli, lakini lilikuwa wazi kwa ajili ya macho ya Shaaban. Zamani niliogopa usirudi. Mwaka huu nilianza kuogopa usije ukarudi ghafla ukauliza kitanda chako kiko wapi. Kiko ghalani. Kwa hiyo tumesameheana, usiniandikie tena maneno ya nisamehe.

Kijiti chako kilifika kimekunjamana, rangi ya kamba kuukuu. Shaaban alisema ni kuni. Nilikwangua nta, nikakichomeka kwenye chungu kilichovunjika shingo, nikakiweka nyuma ya mlango penye kivuli, nikakinyima maji kama ulivyosema. Nikangoja. Nikadhani kimekufa, nikangoja tena kidogo. Wiki iliyopita karibu na uzi mwekundu kimetoa jicho la kijani, na leo jicho ni majani mawili.

Nilipokitoa chunguni sikukipanda peke yangu. Nimejifunza kwa aibu yako. Nilimwita Mwalimu Abdulghani, na jirani wa kulia, na wa kushoto, nikawaeleza kuwa huko bara mti huu ni neno la watu wawili. Shaaban akashika chini, mimi nikashika juu kwa niaba yako, tukashindilia kwa visigino pale chini ya dirisha lako. Wote wameona. Upande wa huku ni wetu, na upande wa huko, pamoja na chumba kilichojaa kofia, ni wako na wa huyo aliyezaliwa. Atakayetaka kukitwaa chumba hicho itabidi aanze kwa kung'oa muramura, na sasa mtaa mzima unajua mtu wa namna hiyo anaitwaje.

Ukija na Zuena na mtoto, tutaziondoa kofia. Njooni mkae siku mnazotaka, kisha mrudi kwenu.

Dada yako, mke wa Shaaban,
Mwanahalima